Bao Zima kwa Jicho Moja

Jioni, joto la Malindi likishapungua, bao hutolewa barazani. Ni mashimo 32, safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Anayejifunza hutandaziwa kete 2 kila shimo, akahesabu kwa kidole, shimo baada ya shimo. Fundi hanyooshi kidole. Hunyamaza, akalitazama bao lote mpaka mtaji, hatua ya kula kete, ukamdhihirikia, ndipo mkono ukashuka.

Ufundi wa kutazama hivyo niliukuta tena kwenye APL, lugha ya kompyuta niliyojifunza usiku kwa kufumbua mafumbo ya hesabu. Kenneth Iverson, mwanahisabati wa Kanada, alianza kuzitunga alama za lugha hiyo alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Harvard, akazitolea kitabu mwaka 1962. Mwaka 1979 akapewa Tuzo ya Turing. Lugha nyingi za kompyuta huenda haba na haba: chukua nambari, ipime, chukua nyingine. APL hushika kibaba kizima. Andika 4 8⍴2, na bao la mwanafunzi limekwisha kutandazwa. Andika +/,4 8⍴2, na kete zake zote zimehesabiwa: 64.

Fumbo lililonifunza zaidi husemwa kwa pumzi moja: jumlisha nambari zote chini ya 1000 zinazogawanyika kwa 3 au kwa 5 bila baki. Nilianzia chini ya 10. Nilipanga 1 hadi 9, nikaweka 1 chini ya kila inayogawanyika kwa 3, na 0 kwingineko. Nikafanya safu ya pili kwa 5, nikazijumlisha safu hizo mbili:

0 0 1 0 1 1 0 0 1

Nikaizidisha safu hiyo na nambari zenyewe. Zikasalia 3, 5, 6 na 9. Jumla 23, sawasawa kabisa. Nikapanua hadi 999 kwa furaha. Likatoka jibu 266333, na silo.

Nilikaa na fumbo hilo siku kadhaa. Likafumbuka ndani ya matatu ya Mombasa, tukivuka daraja la Kilifi: 15! Inagawanyika kwa 3, inagawanyika kwa 5, nami nimeijumlisha mara mbili, pamoja na 30, 45 na wenzao wote. Chini ya 10 hakuna hata mmoja wao, ndiyo sababu kosa lilijificha. Usiku huo nilibadilisha alama moja tu, + ikawa ∨, ambayo maana yake ni “au”. Kwa alama hiyo, 1 na 1 zikikutana hubaki 1. Likatoka 233168.

Mashine haikukosea kujumlisha. Fumbo lilisema “au” tangu mwanzo, nami nikaandika “ongeza”. Katika programu ndefu, kosa hilo lingejificha kati ya mistari mingi. Hapa lilikuwa na alama yake moja, wazi kama kete iliyo shimoni. Hii ndiyo heshima ninayoipa lugha hii: neno nililolipita kwa haraka ilinirudisha nikalisikie.

Siku hizi nikipata fumbo jipya sigusi vitufe upesi. Nalisoma neno kwa neno, nazitandaza safu akilini, nanyamaza. Mkono hushuka mwisho.