Bamba la Mwisho: Filta Nyekundu ya Ansel Adams na Mkoba Wako wa Mandhari

Mchana mmoja wa Aprili 1927, mpigapicha Ansel Adams alisimama kwenye ukingo wa jabali liitwalo Diving Board, juu ya bonde la Yosemite huko California, akiwa amebakiwa na mabamba mawili tu ya kioo ya kupigia picha. Alikuwa na umri wa miaka 25. Asubuhi alianza kupanda na mabamba 12, kamera ya Korona, lenzi mbili, filta mbili na stendi nzito ya mbao. Walipanda zaidi ya mita 1,000, yeye na wenzake wanne, mmoja wao Virginia Best, ambaye mwaka uliofuata alikuja kuwa mke wake. Mabamba kumi yalikwisha kutumika au kuharibika, na ukuta wa mwamba wa Half Dome, ambao ndio hasa uliompandisha, alikuwa bado hajaupiga.

Picha aliyoshuka nayo inaitwa Monolith, the Face of Half Dome. Wapigapicha wengi huitazama wakaishia kusifu ukubwa wa mwamba. Mimi naomba tuitazame kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake: alitumia kifaa gani, na kwa nini hicho?

Tuanze na lenzi. Ilikuwa ya muundo wa Tessar, yenye urefu wa fokasi wa inchi 8.5 hivi. Kwa masikio ya leo hiyo ni lenzi ndefu sana, lakini bamba lake lilikuwa na ukubwa wa inchi 6.5 kwa 8.5. Ukipiga hesabu ya ulalo wa bamba hilo na ule wa kihisio cha kamera ya kisasa ya fremu kamili, unapata kitu kama milimita 35. Kwa hiyo ile picha ya kutisha haikutoka kwenye lenzi pana kupita kiasi. Ilitoka kwenye lenzi ya kawaida iliyo pana kidogo, mikononi mwa mtu aliyepanda mpaka mahali ambapo ukuta ulijaza fremu wenyewe. Miguu yake ilifanya kazi ambayo leo tunaiachia pete ya zumu.

Walipofika, uso wa mwamba ulikuwa kivulini. Adams akasubiri mpaka jua likaanza kuupiga kwa ubavu na kuchora kila ufa. Ndipo akafunga filta ya manjano iitwayo K2 na kupiga bamba la kwanza kati ya yale mawili. Kwa wakati ule huo ulikuwa uamuzi wa kawaida kabisa, kwa sababu filta ya manjano hupunguza bluu ya anga kidogo na kufanya mawingu yaonekane. Lakini mara tu alipomaliza, akatambua kwamba picha itatoka sahihi bila kubeba kile alichokuwa anakihisi pale ukingoni. Anga litakuwa la kijivu cha wastani, na mwamba utasimama mbele yake kwa upole. Yeye alikuwa anauona mwamba mzito chini ya anga karibu jeusi.

Akafunga filta yake ya pili, Wratten namba 29, nyekundu iliyokolea.

Hapa ndipo ufundi ulipo. Anga safi ni la bluu kwa sababu hewa hutawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu. Filta nyekundu huzuia bluu, kwa hiyo anga likapoteza karibu mwanga wake wote na kuwa jeusi kwenye chapa. Mwamba wa graniti ulioangazwa na jua hurudisha rangi zote, nyekundu ikiwemo, kwa hiyo ukabaki mwangavu. Na vile vivuli vya kwenye nyufa? Navyo havipati jua, huangazwa na anga la bluu. Filta iliyoua anga ikavizamisha na vivuli, na ukuta ukapata makali yasiyoonekana kwa macho matupu. Filta moja ilifanya kazi tatu kwa mpigo mmoja.

Hilo lisingewezekana kwa bamba lolote tu. Mabamba ya zamani yalikuwa hayaoni nyekundu kabisa. Ukiyawekea filta ya namna hiyo hupati kitu. Adams alibeba mabamba ya Wratten ya pankromatiki, yanayopokea rangi zote. Filta na bamba vilichaguliwa kama jozi.

Gharama yake ilikuwa mwanga. Filta hiyo ilidai mwanga mara 16, yaani hatua nne. Kwa tundu la f/22, alilolihitaji ili kila kitu kiwe kikali, alifungua shata kwa sekunde 5. Sekunde tano ukingoni mwa jabali ni muda mrefu, na upepo mmoja ungetosha kuharibu bamba la mwisho. Sasa unaelewa kwa nini alikubali kubeba ile stendi nzito ya mbao hadi juu.

Baadaye Adams alieleza kwamba hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuiona picha kamili akilini kabla ya kubonyeza shata. Alijua anataka nini, kisha akafungua mkoba. Wengi wetu tunafungua mkoba kwanza.

Tuipeleke njia hiyo ya kufikiri nyumbani, tukianza na lenzi. Chukua Kilimanjaro ukiutazama kutoka Amboseli, upande wa Kenya. Kilele cha Kibo kina mita 5,895, uwanda uliosimama una mita 1,150 hivi, na umbali ni kama kilomita 43. Kwa jicho la lenzi, mlima wote huo una kimo cha nyuzi 6 tu. Lenzi ya milimita 24 kwenye fremu kamili huona nyuzi 53 kutoka juu hadi chini. Maana yake mlima mrefu kuliko yote Afrika utachukua sehemu moja kati ya tisa ya picha yako, kichuguu chenye theluji. Ukiweka milimita 100, mlima unachukua karibu nusu ya fremu, na tembo aliye mbele anapata mlima nyuma yake kweli. Anayekwenda kule na lenzi pana peke yake amebeba jibu la swali lingine.

Filta nayo? Kwa kamera ya dijitali, nyekundu ya Adams unaweza kuiiga kwenye kompyuta unapogeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe. Filta ya polaraiza huwezi kuiiga, kwa sababu inachuja mng'ao wa majani, wa maji na wa ukungu mwepesi kabla haujaingia kwenye lenzi. Nguvu yake kwenye anga ni kubwa zaidi pembeni mwa jua, kwenye nyuzi 90. Jua la asubuhi linapokuwa mashariki, eneo hilo linapita kaskazini na kusini. Kutoka Amboseli mlima uko kusini. Kutoka Moshi uko kaskazini. Kote kuwili, saa ile ambayo Kibo huwa wazi kabla mawingu hayajaufunika, ndiyo saa ambayo polaraiza inafanya kazi vizuri kabisa. Iweke kwenye lenzi ya kuvuta. Kwenye lenzi pana sana huacha doa la giza katikati ya anga.

Filta ya kijivu ya hatua sita ibebe siku ya maporomoko au mawimbi, ukitaka maji yaonekane yakitiririka. Siku nyingine iache nyumbani.

Kabla ya kununua lenzi nyingine, chukua daftari na uandike sentensi moja: picha ninayoitaka inaonekana hivi. Kisha beba kinachoijibu sentensi hiyo, pamoja na stendi imara. Adams alishuka na bamba moja lililosema alichokusudia, na hadi leo tunalitazama.