Kaboni Moja ya Ziada

Soma lebo ya kopo la TLD, dawa ambayo watu wazima wengi wanaoishi na VVU Kenya na Tanzania huimeza kila siku. Ndani ya kidonge kimoja mna dawa tatu, na mojawapo ina jina refu: tenofovir disoproxil fumarate, miligramu 300. Nusu ya jina hilo ilitoka Prague, kwa mkemia Antonín Holý. Nusu ya pili iliongezwa Marekani, kwa sababu alichokitengeneza Holý kilikuwa kizuri lakini hakimezeki.

Tuanze na tatizo lenyewe. VVU hujinakili kwa kutunga shanga: kimeng'enya chake huokota nukleotidi moja baada ya nyingine na kuzipanga katika uzi wa DNA. Ukikipa shanga bandia yenye tundu upande mmoja tu, uzi unakwama hapo. AZT, dawa ya VVU iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, hufanya kazi hivyo. Ila shanga haipokelewi mpaka ivalishwe fosfeti tatu, na kazi ya kuivalisha ni ya seli. Mara nyingi fosfeti ya kwanza ndiyo inayosumbua: seli ikiivalisha polepole, dawa inabaki inasubiri mlangoni.

Kwa nini basi isiuzwe ikiwa na fosfeti yake ya kwanza tayari? Kwa sababu fosfeti hushikizwa kwa oksijeni, na kifungo hicho vimeng'enya vya mwili hukikata hata kabla dawa haijaingia kwenye seli.

Hapo ndipo Holý alipoingiza kaboni moja kati ya oksijeni na fosforasi. Kwa macho ya kirusi, umbo ni lilelile. Lakini kifungo cha kaboni na fosforasi vimeng'enya hivyo havikiwezi. Aliacha pia duara la sukari ambalo nukleotidi za kawaida huwa nalo, akatumia mnyororo mfupi ulio wazi. Katika tenofovir, mnyororo huo hauna pa kushikiza shanga inayofuata.

Haya hayakuzuka usiku mmoja. Holý alianza kufanya kazi katika Taasisi ya Kemia Ogani na Baiokemia ya Prague mwaka 1960. Mwaka 1976 alikutana na Erik De Clercq wa Taasisi ya Rega, Leuven, Ubelgiji, wakagawana kazi kama jikoni: mmoja apike, mwingine aonje. Misombo ilitengenezwa Chekoslovakia, ikajaribiwa dhidi ya virusi Leuven. Mwaka 1986 walitangaza katika jarida la Nature msombo wa kwanza wa kundi hili. Ndugu yake mmoja, cidofovir, aliidhinishwa Marekani mwaka 1996 kutibu maambukizi ya virusi vya sitomegalo kwenye macho ya wagonjwa wa Ukimwi.

Ndugu mwingine, adefovir, ndiye mwenye somo. Kwa VVU alihitaji miligramu 120 kwa siku, na figo hazikustahimili. Mwaka 2002 alipata kazi nyingine: homa ya ini aina ya B, kwa miligramu 10 tu. Sasa mchukue adefovir, mwongeze kaboni moja yenye hidrojeni tatu ubavuni mwa mnyororo, ikielekea upande unaotakiwa kama mkono wa kulia usivyoingia glavu ya kushoto. Huyo ni tenofovir. Anakibana kimeng'enya cha kirusi, huku vimeng'enya vyetu vya kunakili DNA vikimpokea kwa shida zaidi. Mwaka 1995 jarida la Science lilionyesha makaki, tumbili wanaotumika maabara, wakikingwa kwa sindano za dawa hiyo dhidi ya kirusi cha SIV, jamaa wa VVU.

Sindano, si kidonge. Fosfonati, yaani fosforasi iliyoshikizwa kwa kaboni hivyo, hubeba chaji hasi mbili, na ukuta wa utumbo haupitishi kirahisi kitu cha namna hiyo. Wakemia wa kampuni ya Gilead huko California walizifunika chaji hizo kwa vazi la kuvuliwa njiani. Vazi hilo ndilo disoproxil. Fumarate ni chumvi inayokamilisha unga. Idhini ya Marekani ilipatikana Oktoba 26, 2001.

Vazi lenyewe lina kasoro: huvuliwa mapema, tenofovir nyingi huzagaa kwenye damu, nazo figo hubeba mzigo. Ndiyo maana kliniki hupima kreatinini, kuona kama figo zinafanya kazi. Vazi jipya, alafenamide, huvuliwa zaidi ndani ya seli, hivyo miligramu 25 hutosha pale zilipohitajika 300.

Holý alifariki Julai 16, 2012. Vazi limebadilishwa, dozi imeshuka. Kaboni aliyoipachika kati ya oksijeni na fosforasi haijaguswa.