Jogoo wa Mbegu

Kuku wa kila parseli huchaguliwa, hata pale mwenyewe anapodhani hachagui. Mwewe huchagua kifaranga mweupe anayeonekana kutoka mbali. Ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri, hufagia banda zima kwa siku chache. Na soko huchagua kuliko wote: mnunuzi anayetafuta kuku wa kupakia botini kwenye bandari ya Kalundu, mjini Uvira, hamwinui jogoo mwembamba. Humwinua yule mzito, mwenye kifua kipana na miguu imara. Anayebaki uani ni mdogo wake aliyedumaa, na huyo ndiye atakayekuwa baba wa vifaranga wa msimu ujao. Mambo yakienda hivyo miaka mitano, watu husema kuku wa kienyeji hawakui. Kumbe tumekuwa tukiwapa wengine walio bora na kubakiza mbegu mbovu.

Ufundi ninaousifu hapa ni wa wale wanaokataa. Kalundu ni kipande chembamba cha ardhi kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika; parseli ni ndogo, na wengi hufuga kuku wasiozidi kumi. Hata hivyo wapo akina mama ambao, mnunuzi akimnyooshea kidole jogoo wao bora, hujibu kwa upole, "Huyo ni wa mbegu," wakamwonyesha mwingine. Kukataa pesa wakati ada ya shule inadaiwa si jambo dogo. Kunahitaji mtu anayeona vifaranga ambao mayai yao bado hayajatagwa.

Mtetea naye hachaguliwi kwa uzito tu. Mfugaji hodari hukumbuka historia ya kila mmoja: alitaga mayai mangapi, aliangua mangapi, na vifaranga wangapi walifika umri wa kujitegemea. Kuku wa kienyeji kwa kawaida hutaga mayai kumi hadi kumi na tano, kisha huatamia siku 21. Anayeangua kumi na kulea wanane anamzidi anayeangua kumi na wawili akabaki na watatu. Uzi wa rangi mguuni husaidia kuwatambua mabinti wa mama mwema, nao ndio wa kubakizwa.

Kuatamia kwenyewe ni urithi unaoweza kupotea. Leghorn, kuku mwenye asili ya Italia, hukaribia mayai 300 kwa mwaka, lakini waliomchagua vizazi kwa vizazi kwa ajili ya mayai walimwondolea hamu ya kulalia. Penye umeme wa uhakika, mashine huatamia badala yake. Uvira, ambako umeme hukatika, mashine ya kutotolesha ni mama kuku mwenyewe. Mayai machache ya mtetea wetu ni bei anayolipa ili awe mama, na mfugaji mwenye busara humkubalia bei hiyo.

Kisha kuna elimu ya urithi, ambayo wafugaji waliijua kwa macho kabla haijaandikwa vitabuni. Mwaka 1902 William Bateson wa Cambridge alitumia kuku, hasa maumbo ya vilemba vyao, kuonyesha kwamba kanuni za Mendel zilizogunduliwa kwenye njegere zinatawala wanyama pia. Mfano mzuri tunao uani: kishingo, yule asiye na manyoya shingoni. Kifaranga akirithi sifa hiyo kwa mzazi mmoja, hubaki na kishada cha manyoya mbele ya shingo; akiirithi kwa wote wawili, shingo huwa wazi karibu yote. Ngozi iliyo wazi hutoa joto, kwa hiyo kishingo huvumilia mchana wa ufukweni. Mpandishe hadi Minembwe, kwenye nyanda za juu zenye baridi, na sifa ileile itamtesa, hasa akiwa mdogo. Kidimu, kuku wa manyoya yaliyojikunja, anataka uangalifu zaidi. Ukimpandisha kidimu kwa kidimu, baadhi ya watoto hupata manyoya dhaifu yanayokatika hadi wakabaki karibu uchi. Mpe mwenzi wa manyoya ya kawaida, na karibu nusu ya watoto watakuwa vidimu wenye afya. Kuchagua, basi, ni kujua pia nani aoane na nani.

Jambo hilo huleta kanuni ngumu kuliko zote: jogoo bora asizae na binti zake. Akikaa uani miaka mingi, damu hurudi ndani, mayai yasiyoanguliwa huongezeka na vifaranga hulegea. Jogoo mmoja hutosha mitetea kumi, lakini wakati wake ukifika inafaa abadilishwe na wa jamaa wa Kavimvira, Makobola au ng'ambo ya ziwa. Kutoka Tanzania inaweza kuja hata damu ya Kuchi, kuku mrefu mwenye misuli. Kubadilishana majogoo hujenga udugu, na hutimiza kazi nyingine pia: mbegu ikikaa katika nyumba moja, hufa na nyumba hiyo. Vita vya 1996 viliwafukuza watu wa Uvira majumbani mwao; Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukasomba nyumba na watu. Baada ya msiba, aliyewahi kumpa ndugu yake mtetea mwema ana mahali pa kuanzia tena.

Hata hivyo, huwezi kuchagua kati ya kuku wenye njaa, kwa sababu njaa huficha tofauti zao. Pumba za mpunga wa bonde la Ruzizi na vumbi la ndagala linalobaki chini ya gunia huwapa vifaranga nguvu ya kuonyesha walichorithi. Wala tusimwachie mdondo uchaguzi, maana huua wema na wabaya bila kupambanua. Chanjo ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila miezi mitatu au minne, huokoa kazi ya miaka.

Siwabezi Sasso wa Ufaransa wala Kuroiler wa India. Wanakua haraka, na mwenye chakula cha kununua atapata faida kwao. Lakini ni machotara: watoto wao hawafuati wazazi sawasawa, na mfugaji hurudi kununua vifaranga kila mara. Kuku wa kienyeji ni mali inayojizalisha yenyewe, ikiwa mwenyewe anailinda.

Mgeni wa heshima achinjiwe jogoo, na mzee apewe firigisi yake. Desturi hiyo ni njema na idumu. Ila kabla ya mgeni, kabla ya soko, tenga kwanza jogoo mmoja na mitetea wawili walio bora kuliko wote ulio nao. Wafunge uzi mguuni, uwaambie watoto wa nyumbani kwamba hao hawauzwi. Ukishafanya hivyo, uza waliobaki kwa moyo mweupe.