Kistari Kati ya Namba Mbili: Kusoma Maelezo ya Mnyoo-karanga

Maelezo ya spishi ni utanzu wenye arudhi yake: huanza nje ya mwili, huingia ndani, hutaja sifa moja baada ya nyingine kwa vifungu vifupi, na hujinyima kivumishi chochote kisichopimika. Minyoo-karanga, yaani kundi la Sipunkula lenye spishi takriban 150, zote za baharini, wameufaa utanzu huu kwa namna ya pekee, kwa kuwa umbo lao lina vitu vichache mno vya kutaja. Mwaka 1952 Stephen na Robertson walipochapisha ripoti ya awali iliyowahusu minyoo hao wa Zanzibar, walirithi mtindo uliokwisha kukomaa. Hapa nitausoma mtindo huo kupitia Sipunculus nudus, spishi iliyopewa jina na Linnaeus mwaka 1766 na kuelezwa upya mara nyingi tangu hapo.

Tazama kwanza kazi ya ukanushi. Mnyoo huyu hana pingili, hana vinyweleo vigumu, na mkonga-rejeshi wake, ile sehemu ya mbele inayobeba kinywa na minyiri, hauna kulabu. Msomaji mgeni ataona orodha ya mapungufu. Aliyezoea ataona milango ikifungwa. Kwa kukosa pingili anatengwa na minyoo-pingili wa kawaida. Kwa kukosa kulabu anatengwa na wengi wa jenasi Phascolosoma. Kila “hana” humgusa jirani bila kumtaja. Hata utafiti wa molekuli uliowaweka minyoo-karanga ndani ya ukoo wa minyoo-pingili haukuufuta ukanushi huo. Uliugeuza tu, kutoka alama ya utengano kuwa habari ya kitu kilichopotezwa.

Ukanushi ukimalizika, maelezo hulazimika kupasua. Mnyoo aliyetiwa spiriti mara nyingi huwa ameuvuta mkonga wake ndani ya kiwiliwili, na sifa za maana zimo upande wa pili wa ngozi: misuli rejeshi minne, nefridia (viungo vya kutolea taka) mbili, utumbo unaoshuka hadi nyuma kisha kupanda ukijisokota mpaka tundu la haja, lililo mgongoni karibu na mbele. Ngozi yenyewe hutoa dokezo tu, kwa kuwa misuli ya urefu na ya mzunguko imejigawa katika mikanda na kuukata uso wa mwili kuwa visanduku vya pembe nne. Mpangilio wa vifungu hufuata njia ya wembe; asiyepasua hana cha kuandika.

Lakini uzito wa hoja umo katika alama ndogo kuliko zote. Idadi ya mikanda ya urefu hutolewa kama masafa, kuanzia ishirini na kitu hadi thelathini na kitu, na kistari kinachoziunganisha namba hizo mbili huonekana kama kipimo ilhali ni hukumu. Kinasema kwamba wote waliomo kati ya mipaka hiyo ni wamoja, bila kueleza kama tofauti zimesambaa ndani ya kundi moja au zimejikusanya katika makundi mawili.

Wajiolojia wa migodi ya dhahabu ya Geita na Shinyanga wanaijua hatari hii ya namba kuficha mtawanyiko. Katika mgodi wa Bulyanhulu dhahabu hukaa katika mishipa myembamba. Geita, kwa sehemu kubwa, imo katika mwamba wa chuma wenye matabaka. Mwamba uliochorongwa huelezwa kipande kwa kipande kabla ya kutajwa wastani wa gramu kwa tani, kwa sababu wastani huficha namna dhahabu ilivyokaa. Na nusu ya kipande hubaki sandukuni kwa ajili ya atakayeshuku. Kielelezo kilichohifadhiwa makumbusho kina wajibu huohuo.

Mwaka 2014 Kawauchi na Giribet waliisoma tena S. nudus kwa kuunganisha umbo na DNA, wakaonyesha kuwa jina lililodhaniwa kuenea bahari nyingi lilibeba koo kadhaa zilizotengana. Kwa hiyo jina hilo likibandikwa leo kwenye chupa ya mnyoo wa Zanzibar, ni dai linalosubiri ushahidi. Mwandishi anayetoa idadi ya mikanda ya kila kielelezo na mahali kilipotoka, kisha ndipo aweke masafa, ameandika matini inayoweza kupingwa kwa ushahidi wake yenyewe. Anayetoa masafa pekee amemwachia msomaji hitimisho lisilo na hoja.