Bangili ya Jina: Asomaye ni Nani?

Wasomaji wetu, hapana pambo lisilo na asili yake. Huku kwetu Segerea, pembezoni mwa Dar es Salaam, ilikuwako miaka ambayo kijana hakujiona amekamilika mpaka avae bangili ya madini iliyochorwa jina. Alikwenda Kariakoo, akamtajia mchoraji jina lake au la ampendaye, akangoja kidogo, akarudi nalo mkononi. Leo bangili hizo twaziona kwa uchache, na nyingi zimelala masandukuni pamoja na vifungo vilivyokatika. Watu husema, "Ulikuwa mtindo tu, umepita." Sisi twaona neno hilo halitoshi. Yafaa tuipime bangili hii kwa swali moja: jina limeandikwa, lakini asomaye ni nani?

Mwanzo wake haukuwa mapenzi, bali hofu ya kufa bila kujulikana. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, mwaka 1864, askari waliokuwa wakingojea kupigana mahali paitwapo Cold Harbor waliandika majina yao katika karatasi, wakazibandika makotini, ili maiti zao zitambulikane. Baadaye majeshi yakawapa askari visahani vya kutambulisha. Katika vita vya 1914 hata 1918 askari wengi walijinunulia bangili zenye jina na namba. Katika vita vya 1939 hata 1945 zikaenea zaidi, hasa kwa wanahewa wa Marekani. Vita vilipokwisha, vijana wa shule wa huko wakazifanya pambo, mvulana akimvika msichana wake. Hivyo kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kaburi kikaingia karamuni.

Afrika Mashariki nayo ilijua jina la kuvaliwa mwilini, wala si kwa hiari. Kenya ilitunga sheria ya kipande mwaka 1915, nayo ikaanza kutumika baada ya vita. Mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua karatasi yenye jina lake na alama za vidole vyake, nayo ilitiwa katika kikasha cha bati kilichoning'inia shingoni. Aliyeisoma ni polisi na bwana wa kazi. Jina lile halikumsaidia mwenyewe, bali lilimfunga. Ndiyo maana Harry Thuku na wenzake walilipinga jambo hilo mwaka 1921.

Tena wako waliokosa msomaji kabisa. Kariakoo yenyewe imepata jina lake kwa wapagazi wa vita vile vya kwanza, walioitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Walikufa kwa maelfu mengi, na wengi hawana kaburi lenye jina. Mwaka 2021 kamati iliyoundwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa habari kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927, yawaheshimu wote pamoja, lakini haimtaji hata mmoja. Basi kijana wetu alikwenda kuchorewa jina lake mahali paitwapo kwa watu waliopotelewa na majina yao.

Sasa tuseme kosa la bangili zetu. Siku moja tulimwona kijana ameangushwa na pikipiki barabarani, hana fahamu. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa namba za siri. Mkononi iling'aa bangili, na watu wakainama kuisoma. Walikuta neno moja tu, jina la utani, ambalo hapana mtu pale aliyelijua. Ilikuwa jioni ndipo mama yake alipopata habari. Bangili ile ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya wale waliokwisha kumjua.

Linganisheni na kazi ya tabibu Marion Collins wa Turlock, California. Mwaka 1953 binti yake alikaribia kufa kwa sababu ya dawa ya kinga ya pepopunda, ambayo mwili wake haukuipokea. Baadaye binti huyo akachorewa bangili ya fedha yenye onyo hilo, na mwaka 1956 wazazi wake wakaanzisha chama cha MedicAlert, ili wengine nao wapate bangili za namna hiyo. Bangili hizo hazikuchuja kama zetu, kwa kuwa msomaji wake ni mgeni mwenye uwezo wa kuokoa.

Hatuwalaumu wapendanao, wala hatusemi pambo ni dhambi. Twasema tu kwamba jina lililoandikwa kwa kujionyesha huchakaa pamoja na rangi yake ya dhahabu. Lakini kila bangili ina upande wa pili, nao kwa kawaida ni mtupu. Aliye nayo sandukuni na airudishe kwa mchoraji, aandikiwe nyuma jina lake kamili, namba ya simu ya ndugu yake, na ugonjwa wake kama anao, uwe kisukari, kifafa au selimundu. Mbele na libaki jina la mpenzi.