Kipimo cha Kuazima: Isimu Fafanuzi na Kiswahili cha Ndosho

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki desturi moja iliyozoeleka katika tasnifu zetu za isimu. Mwanafunzi wa shahada ya juu hutangaza katika sura ya kwanza kwamba kazi yake ni ya isimu fafanuzi, yaani ataieleza lugha kama inavyosemwa na wenyewe, bila kuihukumu. Akifika kwenye uchanganuzi wa data, huanza kuhesabu makosa. Kiswahili cha Kivu, tunaambiwa, "kimepoteza" virejeshi, "hakina" upatanisho, "kimevuruga" ngeli. Ahadi ya sura ya kwanza imekwisha kusahauliwa.

Sisemi haya kwa kuwanyooshea wengine kidole. Tasnifu yangu ya lisansi ilikuwa na sehemu nzima iliyoitwa "Makosa ya Kisarufi". Data yake niliikusanya Ndosho, mtaa wa komine ya Karisimbi mjini Goma, kwenye barabara iendayo Sake. Miongoni mwa wasailiwa alikuwamo mama yangu mdogo, muuza ndizi, aliyesema hivi:

(1) Mutu yenye anakujaka asubui, leo alituma katoto yake.

Nilimwomba airudie sentensi hiyo "vizuri zaidi". Akanijibu: "Uliniambia niseme, na sasa unanifundisha tena kusema?" Jibu hilo sikuliandika katika tasnifu. Sentensi niliiandika, na nikaihesabia makosa matano.

2.0 Kipimo kilitoka wapi?

Kabla ya kupima, ni haki kuuliza kipimo kilitengenezwa na nani na kwa haja gani. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisimamia kazi hiyo kwa nchi nne zilizotawaliwa na Waingereza: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kiswahili chake kilikuwa na historia nyingine ya vitabu, misheni na utawala, kama alivyoonyesha Johannes Fabian katika utafiti wake wa mwaka 1986 kuhusu kipindi cha 1880 hadi 1938.

Hatusemi kwamba Kiswahili Sanifu hakitufai. Makala haya yenyewe yameandikwa kwa Kiswahili hicho, na bila hicho msomaji wa Dodoma au Lamu asingeyafikia. Tunachosema ni kwamba chombo cha kuandikia na kufundishia si lazima kiwe chombo cha kupimia. Tangu mwaka 1911 Franz Boas alisisitiza, kuhusu lugha za wenyeji wa Marekani, kwamba kila lugha ichambuliwe kwa vigezo vyake yenyewe. Kanuni hiyo tunaifundisha darasani, kisha tunaiacha mlangoni tunapokwenda sokoni kurekodi.

3.0 "Makosa" matano

Tuirejee sentensi (1). La kwanza ni mutu. Nilidai kwamba msemaji "ameongeza" irabu. Ukweli ni kinyume chake: kiambishi mu- ndiyo sura ya kale katika lugha za Kibantu, na aliyeipunguza irabu ni mtu wa mwambao.

La pili ni yenye. Nilisema kirejeshi kimepotea. Hakikupotea, bali kimetoka ndani ya kitenzi na kusimama peke yake, kama amba- inavyosimama katika Kiswahili Sanifu. Tunasema pia kitabu yenye nilisoma. Kwa hiyo swali la kiisimu lilikuwa hili: je, yenye hubadilika kufuata ngeli, au imekuwa neno lisilobadilika? Kwa kuwa niliita kosa, sikuliuliza.

La tatu ni kiambishi -ak- katika anakujaka. Anakuja ni mtu aliye njiani, na anakujaka ni mtu mwenye desturi ya kuja. Mahali pa mwambao husemwa huja. Tofauti hii ya hali ya kitenzi ni dhahiri kwa kila mtoto wa Goma, nami niliiita "silabi ya ziada". Katika urejeshi wake wa sarufi ya Kibantu wa mwaka 1967, A. E. Meeussen alikiorodhesha kiambishi *-ag-, na katika mazungumzo ya Tanzania bara husikika anasemaga. Je, -ak- yetu ni urithi wa Kiswahili, au imeingia kutoka lugha jirani? Hilo ni swali linalostahili tasnifu nzima.

La nne ni katoto, ambayo wingi wake ni tutoto. Hapa kipimo chetu kinajikwaa chenyewe. Jozi ya ngeli ka-/tu- ipo Ndosho, na katika Kiswahili Sanifu haipo. Lau tungeipima Zanzibar kutokea Ndosho, tungeandika kwamba Wazanzibari "wamepoteza" ngeli mbili.

La tano ni yake mahali pa wake. Hapa upatanisho umepungua kweli, na mfafanuzi hana sababu ya kulificha hilo. Lakini umepungua wapi, na umebaki wapi? Wingi wa nomino bado hudhihirishwa kwa viambishi, kama batu na bitu. Mfumo ambao hutia alama kwenye nomino na kuiacha kwenye kivumishi bado ni mfumo, na kazi yetu ni kuonyesha mpaka wake.

4.0 Waliotutangulia

Edgar Polomé aliandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, na Walter Schicho alichapisha kitabu kizima juu ya sintaksia yake mwaka 1982. Kwa Kivu, Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose walitoa matini na maelezo ya sarufi mwaka 2016. Kazi hizi ni za thamani. Ila ya Schicho ni ya Kijerumani, na nyingine mbili ni za Kiingereza. Mwanafunzi wetu, ambaye husoma na kuandika kwa Kifaransa, huzifikia kwa shida, nao wasemaji wenyewe hawazifikii kabisa. Kwa upande wa lugha jirani, sarufi ya Kihunde ya Kahombo Mateene ya mwaka 1992 inatupa msingi wa kulinganisha. Atakayeeleza chanzo cha -ak- bila kuzichunguza lugha za Masisi na Rutshuru atakuwa anabahatisha.

Aidha, tujihadhari na kosa la upande wa pili, la kubuni "Kindosho" safi. Ndosho ni njia panda ya wasemaji wa Kihunde, Kinande, Kinyarwanda, Kishi na lugha nyingine. Kati ya mwaka 2022 na 2025 vita viliwasukuma watu wengi kutoka Masisi na Rutshuru hadi pembezoni mwa Goma, kisha vikawatawanya tena. Sentensi isiyoonyesha nani aliisema, alitoka wapi, mwaka gani na alikuwa akizungumza na nani, baada ya miaka kumi haitakuwa data tena.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu kwa wanaoandaa na wanaosimamia tasnifu. Kwanza, mfumo wa usemi uchambuliwe wenyewe kabla ya kulinganishwa na Kiswahili Sanifu, na neno "kosa" litumike pale tu msemaji mwenyewe anapojisahihisha. Pili, matini kamili yaambatanishwe, pamoja na maelezo ya msemaji. Tatu, matokeo yaandikwe pia kwa Kiswahili na kusomwa mbele ya waliohojiwa.

Pendekezo la tatu nimekwisha kulijaribu. Nilipomsomea mama mdogo uchanganuzi huu wa sentensi yake, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisahihisha mahali pamoja: mteja yule anakujaka kila siku, si asubuhi tu. Nimeliandika hilo katika daftari la data, pamoja na tarehe.