Maksuudi Hana Mwili

Nimeirudia Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) ndani ya matatu ya Kitengela, jam ya Mlolongo imekaza, na kando yangu baba mmoja wa makamo anagombana na makanga juu ya mbao. Shilingi 20! Sauti ikamkatika, akageukia dirisha. Nikawaza, riwaya zetu zingemfanya nini huyu?

Zingemfanya Maksuudi: mke na binti kawafungia ndani, mwenyewe nje anamwandama Kazija. Mwandishi anamhukumu sawasawa, na sitaki homoni zije kumtetea. Testosteroni hupungua polepole, asilimia 1 hivi kwa mwaka kuanzia makamo. Haimtumi mtu kumtesa mkewe. Ninachodai ni kingine. Tunamwona Maksuudi akiamuru na akitamani, lakini uchovu, usingizi unaopaa, hofu ya kuzeeka, hayo hatuonyeshwi. Mwili wake tunauhisi akishaporomoka, kama adhabu. Basi msomaji wa miaka 50 anamlaani Maksuudi, anafunga kitabu, hajajiona popote.

Huku Kajiado kuna simulizi nyingine. Mwaka 2020, kwenye vilima vya Maparasha, maelfu ya wanaume wa Kimaasai walikutana kwa Olng'esherr, sherehe ya nyama inayowatoa umorani na kuwaingiza uzeeni, tena hadharani. Nayo, kusema kweli, haigusi usiku wa mtu aliye macho saa tisa. Ila inakiri kwamba mwanaume hubadilika.

Riwaya ya yule baba wa matatu bado naitafuta.